Kinu Kitupu Siku ya Kura

Nilipiga kinu kitupu. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja kwanza mimi mwenyewe, kabla mjomba wangu hajalitaja, maana yeye akianza huongeza chumvi mpaka mchuzi haunyweki. Nilipiga mara tatu, nikanyamaza, nikapiga tena mara tatu, asubuhi ya siku ya kura. Kwa mapigo hayo sita niliwatuma wanaume wa vijiji vinne ndani ya matete ya mto Ruzizi, baba yangu akiwa mbele yao, ndevu zimenyolewa upande mmoja.

Najua mtasema: mtoto wa shule, hajafika hata miaka kumi na saba, anaandika kumbukumbu kama mzee mwenye kiko. Semeni. Lakini juzi, hapa Rugenge kwa shangazi ninapolala siku za masomo, mtoto wake mdogo alishika mchi na kuanza kuchezea kinu kisicho na kitu. Ko, ko, ko. Nilikuwa nimekaa na kaye yangu, daftari la hesabu, mapajani. Kaye ilianguka, na miguu yangu ilikuwa imeshafika mlangoni kabla kichwa hakijaamua. Shangazi alinicheka.

"Weye, unakimbia nani? Hapa iko askari gani?"

Basi nimeacha hesabu, naandika hii. Direkta wa shule akiuliza, mwambieni nina malaria.

Kwetu ni bondeni, kati ya Lubarika na Runingu, mahali ambapo nyumba zimetawanyika kama punje alizodondosha mtu mwenye mfuko uliotoboka. Kati yako na jirani kuna shamba zima, pengine na kijito. Mtu akipika samaki kwake, harufu inafika kwako imechoka. Lakini sauti ya kinu haina haja ya daraja. Kinu chenye mihogo ndani huongea kwa sauti nzito, sauti ya tumbo lililoshiba: du, du, du. Kinu kitupu hulia kikavu, kama meno yanayogongana. Hata mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua tofauti.

Na alipaswa kujua, maana hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu wakati wa Wabeleji. Mwanamke wa kwanza kumwona askari kwenye barabara ya Uvira, au mwandishi wa kodi, au msimamizi wa pamba, hakupiga kelele wala hakukimbia. Alishika mchi wake taratibu, akapiga kinu kitupu, tatu na tatu. Jirani aliyesikia alipokea, na jirani wa jirani, mpaka sauti inafika mtoni. Sheria ilikuwa moja: ukisikia, pitisha, usiulize. Baada ya hapo vinu vyote vilinyamaza, ili wanaume kule matetani wasikie vizuri motoka inakwenda wapi. Siku kama hiyo hakuna mwanamke aliyetwanga hata kiganja kimoja mpaka wageni wamekwenda. Msimamizi wa pamba alikuwa akisema wanawake wa bondeni ni wavivu, wanachezea vinu halafu wanalala. Tulimwachia aseme.

Kulikuwa na sheria ya pili, nayo ilizaliwa kwa machungu. Mwaka mmoja askari walimshika mtoto wa jirani yetu, wakamfinya masikio ili amwite baba yake. Mtoto aliita, baba akatoka matetani, akapelekwa kazi ya lazima, na hatukumwona tena mpaka barabara ya watu wengine ilipokwisha kutengenezwa. Tangu hapo ikakatwa shauri: ukiwa matetani usiitikie sauti ya mtoto, hata akiwa wako, hata akilia.

Sasa ukafika ule mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Neno lenyewe lilikuja kwetu kwa meli kutoka kusini mwa ziwa, likashuka Uvira na magunia ya chumvi, likapanda bondeni kwa miguu. Serikali ikatangaza kura za kuchagua madiwani. Tatizo ni kwamba listi ya wapiga kura ilitolewa katika daftari la pamba, na daftari la pamba liliandikwa siku ambazo kinu kitupu kilikuwa kimeshalia. Kwa serikali, nusu ya baba zetu walikuwa hawajazaliwa.

Aliyefanya kazi ya kuwazaa upya ni Mjomba Karoli, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mkulima kama wengine, ila mgongo wake ulikuwa na mistari ya fimbo, kwa sababu zamani alipanda maharage katikati ya pamba ya serikali na kukataa kuyang'oa. Alitaka kiti cha diwani kwa jambo moja tu: mashamba ya kando ya mto, yale mazuri, yarudi kwenye chakula. Wiki baada ya wiki alitembea nyumba kwa nyumba, akivuka vijito suruali imekunjwa, akiwaomba watu waliojificha miaka yote ili wasiandikwe, sasa waandikwe kwa hiari yao. Muone kazi hiyo! Mzee mmoja alimkubalia, akampa jina. Jina lilikuwa la mbuzi wake.

Mpinzani wake alikuwa Anasitazi, mpwa wa chifu wa medali, yaani yule chifu ambaye Wabeleji walikuwa wamemvika medali kifuani ili asisahau ni wao waliomweka. Anasitazi alikuwa na kinga, baiskeli yenye pedali zinazong'aa, na kaputula iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Yeye alitaka watu wa bondeni wakapige kura kwenye uwanja wa chifu, safari ya siku nzima, mbele ya macho ya chifu. Mjomba alikwenda biro za serikali Uvira mara nne kudai sanduku letu wenyewe. Mara ya nne wakampa, kwa sharti: sanduku litakuja asubuhi, na kama saa sita ya mchana hakuna mtu hata mmoja zaidi ya wagombea wenyewe, litafungwa na kuondoka, na itaandikwa kwamba watu hawa hawana haja ya kura. Kiti kingekuwa cha Anasitazi, na mto wote ungekuwa pamba.

Hayo yote niliyajua. Siwezi kusema sikujua.

Lakini nilikuwa na miaka kumi na tatu, na niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa kuudhi. Mimi ndiye niliyeitikia "amina" katikati ya mahubiri, kwa sauti nzuri kabisa, mpaka padri akapoteza mahali alipokuwa. Na wiki ile nilikuwa likizo nyumbani, nikisikiliza wanaume wakijigamba. Kila jioni ni hayo hayo: hofu imekwisha, matete tuwaachie viboko. Baba yangu ndiye aliyezidi.

"Miye," alikuwa akisema, akijipiga kifua, "hata balete mizinga, sikimbii tena. Miguu yangu imekataa."

Mimi nikasema moyoni, tutaiuliza miguu yenyewe.

Asubuhi ya siku ya kura mama alikwenda kijitoni kuchota maji. Baba alikuwa uani, ametundika kioo kidogo kwenye ua wa miti, povu la sabuni shavuni, anajinyoa na kuimba. Harufu ya ile sabuni bado naijua. Kinu kilikuwa pale, kimepinduliwa ili kikauke. Nikakigeuza, nikashika mchi, kitu ambacho mvulana hafanyi, na nikapiga. Tatu. Kimya. Tatu.

Baba hakumaliza mstari wa wimbo. Sikumwona akiruka ua, nilimwona tu akiwa upande wa pili, wembe mkononi, anapasua shamba la mihogo kwa magoti kuelekea mtoni. Nililala chini nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu nikasikia kinu cha jirani. Ko, ko, ko.

Kicheko kilikatika. Nilitaka kupaza sauti, kwamba jamani ni mimi, ni mchezo. Lakini jirani wa jirani alikuwa ameshapokea, na baada yake mwingine, mbali, na mwingine mbali zaidi, sauti ikipungua kama mtu anayekwenda zake bila kugeuka. Ukisikia, pitisha, usiulize. Na wanawake wale hawakuuliza. Kwenye vijia vyote vya bonde wanaume walikuwa wamevaa makoti ya misa, wako njiani kuja kupiga kura. Wote waligeuka na makoti yao.

Mama alirudi na mtungi kichwani. Akasimama akisikiliza ule ukimya.

"Nani amewaona?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

Aliangalia kinu. Aliangalia mchi, ambao mimi mpumbavu bado nilikuwa nimeushika. Alitua mtungi bila kumwaga hata tone, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kimbia, wewe. Waambie warudi."

Nilikimbia. Kwenye ukingo wa matete niliita mpaka koo likawaka. Baba! Rudini! Hakuna askari, ni mimi nilipiga, ni mchezo! Vyura walinyamaza kunisikiliza. Kisha, si mbali, nikasikia mtu ananong'ona.

"Bamemushika mutoto."

"Masikini. Muskie vile banamufinya."

"Nyamazeni, nyinyi," ikasema sauti ya tatu, na hiyo ilikuwa ya baba.

Basi nikaanza kulia kweli. Nililia kwa aibu, nikaapa kwa Bikira Maria, nikataja kila dhambi niliyofanya tangu ubatizo, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nafinywa. Nikasikia maji yakichapwa: walikuwa wanaingia ndani zaidi.

Sanduku lilikuwa limewekwa ndani ya hangari la pamba, kwa sababu bondeni hakukuwa na paa lingine la kutosha. Mnajua harufu ile, ya magunia, vumbi na mafuta ya mbegu. Hukaa puani siku mbili. Karani kutoka Uvira, mtu mpole mwenye miwani, alikuwa amepanga meza, listi, karatasi na saa yake ya mfukoni. Mjomba Karoli alikaa kwenye benchi peke yake, koti limefungwa vifungo vyote, mikono magotini. Anasitazi aliegemea kinga yake.

"Si nilikuambia, bwana karani? Hawa ni watu wa matete. Weye unawaletea sanduku, bao banakimbia. Funga, twende, jua ni kali."

"Saa sita," alisema karani. "Nimeambiwa saa sita."

Nilimwambia mjomba yote, hapo hapo, mbele yao. Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo, na mnijue, huwa sikosi. Mjomba hakunigombeza. Alifumba macho tu. Anasitazi alicheka mpaka akashika pedali.

"Asante, mutoto. Ukikuwa, nitakupa kazi."

Mpaka leo, katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo linaniuma.

Ndipo tukasikia kitu kinaviringika. Mama alikuwa anakuja kijiani, anasukuma kinu chake kwa miguu na mikono kama mtu anayesukuma pipa, mchi umefungwa mgongoni mahali pa mtoto. Nyuma yake jirani yetu na cha kwake. Nyuma yake wengine wawili, watatu, vumbi linafuka. Na dada yangu mkubwa alibeba kichwani gunia nililolijua vizuri sana. Lilikuwa mihogo yangu. Mama aliikausha na kuiweka miezi mingi, kwa sababu shangazi wa Rugenge alikuwa na watoto sita na alinipokea kwa sharti moja, nije na chakula changu. Gunia lile lilikuwa muhula wangu mzima.

Mama alisimamisha kinu mbele ya hangari, akafungua gunia, akamwaga. Akatema mate viganjani.

Du.

Wenzake wakaingia, mmoja baada ya mwingine, mpaka michi mitano ikawa inapokezana bila kugongana. Du, du, du, du. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo. Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka kwamba siku ya kukimbia hakuna mwanamke anayetwanga.

Anasitazi alielewa kabla yangu. Aliacha kinga ikaanguka.

"Mama! Acha makelele! Hapa ni mahali pa kura, na wanawake hawana kura."

"Nimesikia," alisema mama, bila kusimamisha mchi. "Kura ni ya wanaume. Na kinu ni ya nani?"

"Bwana karani, wakataze!"

Karani alifungua karatasi yake ya maagizo. Aliisoma taratibu kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, akageuza, akasoma nyuma, akarudi mbele. Nadhani alikuwa anasoma polepole kuliko alivyofundishwa.

"Imekatazwa ulevi," alisema mwishowe. "Imekatazwa silaha. Juu ya kinu, hakuna neno."

"Mchi ni silaha!"

"Kuja uchukue," alisema mama.

Hakwenda.

Na sheria ya bonde ni ile ile, ukisikia, pitisha. Mwanamke wa nyumba ya pili, aliyebaki kwake akiwa hajui lolote, alisikia vinu vilivyojaa vikilia mchana kweupe. Akawaza, basi hakuna hatari, akaweka mihogo yake kinuni, akatwanga. Nikamsikia wa tatu. Kuelekea Runingu nikasikia wengine, kama ngurumo inayotembea. Watu ambao chakula chao kilikuwa kidogo namna ile, kwa sababu ya pamba, walikuwa wanatwanga mihogo ya mwezi mzima ili wanaume wao wasikie. Saa ya karani ilikuwa mezani. Ilibaki muda wa kuchemsha chungu kimoja cha sombe, yale majani ya mihogo, kisha ukabaki nusu yake.

Wa kwanza kutokea alikuwa baba. Tope lilimfika magotini, wembe alikuwa nao bado, na povu lilikuwa limekauka shavuni likawa kama chokaa. Upande mmoja wa uso ulikuwa msafi kama wa padri, upande mwingine ni pori. Anasitazi alijitahidi kucheka.

"Na huyu naye ni muchaguzi?"

"Upande huu umekuja kuchagua," baba alisema, akionyesha shavu lililonyolewa. "Huu mwingine iko nakuangalia weye."

Akampa karani jina lake, jina la kweli, lile ambalo hakuna daftari lililokuwa limewahi kulipata, akatumbukiza karatasi. Halafu akaja kusimama pembeni yangu na kunishika sikio, bila kulikunja, akalishika tu muda mrefu.

Walikuja wawili wawili, halafu kumi kumi, makoti ya misa yanachuruzika, mmoja na ruba shingoni. Listi ililowa, karani akalalamika kwamba wino unaogelea. Saa sita ilipofika Anasitazi alionyesha saa kwa kidole, na karani akamwambia kwamba ameagizwa kufunga kama hakuna mtu, na yeye anaona watu. Mstari ulikwisha kivuli kikiwa kimeshahama upande wa pili wa hangari. Hata yule mzee wa mbuzi alikuja, na safari hii alitoa jina lake mwenyewe.

Unga haukurudi guniani. Ulisongwa bugali pale pale, ukaliwa na wote, karani pia, vidole vyake vya wino vikiacha alama kwenye tonge. Muhula wangu uliliwa mbele ya macho yangu, na mimi mwenyewe nikala sehemu. Nilipokwenda Rugenge baadaye nilikwenda na robo ya gunia, na shangazi alinitazama kwanza mimi, kisha gunia, kisha akasogeza sufuria ya uji akaongeza maji. Nimekunywa maji yale mengi.

Mjomba Karoli alipata kiti. Anasitazi alipata kura mbili bondeni kwetu: moja ni yake mwenyewe, ya pili tunamtafuta mwenyewe mpaka leo. Pamba haikuondoka siku ile, msidhani. Ila msimu uliofuata yalipandwa maharage kando ya mto, na msimamizi alipita, akayaona, akaendelea na safari yake.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba hadithi hii ni ya kunichekesha mimi na kumwaibisha baba. Sasa nikiwa hapa na kaye ya hesabu, ninajiuliza swali ambalo sikujiuliza pale ukingoni nikilia: kwa nini hatukuwa na mlio wa kurudi? Tulikuwa na mlio wa kukimbia, umepangwa, una idadi, una sheria, kila mtoto anaujua. Wa kurudi haukuwepo. Hakuna aliyewahi kuuhitaji. Wazazi wetu waliishi miaka yote hiyo bila siku hata moja ya kuitwa kwa jambo lao wenyewe, na siku ilipofika, mama aliutunga mlio huo papo hapo, kwa mihogo yangu. Kwenye listi ya karani hakukuwa na jina lake, na hata sasa nikitafuta sitalikuta.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya milima, tulirudisha kinu nyumbani, mimi nikisukuma. Nilingoja fimbo njia nzima. Tulipofika uani mama alikipindua ili kikauke, akaniangalia mpaka nikaangalia chini, kisha akasema:

"Felisiani. Siku ingine ukipiga kinu tupu, ikuwe ya kukimbiza bale, hapana sisi."